Mgeni wa Kila Desemba

Kila mwaka shule zinapokaribia kufungwa, mjadala uleule huzuka katika kundi la WhatsApp la familia yetu: Desemba hii twende wapi? Mwaka huu binti yangu, ambaye sasa ana kazi yake na halipiwi nauli na mtu, alikuja na hesabu kamili. Siku nne Zanzibar, ndege ikiwemo. Au Dubai, kwa nyongeza ambayo yeye haioni kuwa kubwa. Mwishoni akaandika: "Baba, Diani tushaiona. Tunarudi kutafuta nini?"

Ni swali la haki. Watu wengi siku hizi wanasafiri ili waone kipya, na picha za ufuo mmoja zikiwekwa mtandaoni mwaka wa tatu mfululizo hazipati wa kuzisifu. Sisi tumekuwa tukirudi Diani, sehemu ileile ya pwani ya Kwale, tangu miaka ya 1980: kwanza nikiwa mtoto, halafu kijana wa kujitegemea, kisha mzazi. Sikumjibu binti yangu papo hapo. Nimekaa na swali lake, na kila nilipolitafakari nilijikuta nikikumbuka mambo ambayo mgeni wa safari moja asingeyapata kwa bei yoyote.

Baba yangu alikuwa karani wa reli mjini Nakuru, na pasi ya wafanyakazi wa reli ndiyo iliyotufungulia pwani. Mshahara wake peke yake usingetufikisha. Tulipanda treni Nairobi jioni, tukalala njiani, na alfajiri mama alituamsha tukishapita Mackinnon Road ili tusikose minazi ya kwanza karibu na Mazeras. Aliyeuona mnazi wa kwanza ndiye aliyepewa dafu la kwanza. Kutoka stesheni ya Mombasa tulikwenda na mizigo yetu hadi Likoni, tukavuka kwa feri, tukapanda matatu ya Ukunda.

Hoteli hatukuziweza. Tulipanga nyumba ndogo ya makuti ya kujipikia, mojawapo ya kadhaa zilizokuwa katika shamba lenye mibuyu mikubwa. Nyumba ilikuja na mpishi wake, mzee wa Kidigo ambaye sisi watoto tulimwita Babu, naye alimwita mama yangu Mama Mwalimu, kwa kuwa ualimu ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Somo la kwanza lilitoka jikoni. Wauza samaki walifika mlangoni kwa baiskeli asubuhi, vikapu vimefunikwa kwa majani mabichi. Mwaka wa kwanza mama, mtu wa bara aliyewajua samaki wa maziwa tu, alimchagua pono kwa sababu ya rangi yake ya buluu na akalipa bei aliyotajiwa. Babu alisimama nyuma yake kimya, kwa adabu. Miaka iliyofuata mama aliwaita samaki kwa majina na kwa kazi zao: changu wa kukaanga, tafi wa mchuzi wa nazi, nguru wa kupaka. Muuzaji naye akabadilika. Asubuhi moja alifika, akafunua kikapu, kisha akakifunika tena kabla mama hajanyoosha mkono. "Leo sikuuzii, Mama Mwalimu. Hawa ni wa jana."

Maneno hayo yalinifundisha biashara kabla sijaisoma darasani. Muuzaji anayejua hatakuona tena hana cha kupoteza akikuuzia samaki wa jana. Anayejua kwamba Desemba ijayo utakuwa umeketi kwenye baraza ileile ana sababu ya kukwambia ukweli. Wageni wanaolalamika kwamba pwani kila mtu anataka kuwapunja husahau kwamba hawajakaa vya kutosha kuwa wateja wa mtu.

Babu alinifundisha pia kumsafisha tafi. Hakumshika kwa kiganja. Alimlaza juu ya ubao, akamkandamiza kichwa kwa kitambaa kilichokunjwa, kisha kwa kisu kizito akaikata miiba ya mgongoni kuanzia upande wa mkia kwenda kichwani, halafu ile ya tumboni, na yote akaisukumia kwenye jivu la moto ili asiikanyage mtu. "Huyu hata akifa bado anachoma," aliniambia. Mdogo wangu alipochomwa mwaka mwingine, Babu alikitia kidole chake kwenye maji ya moto kadiri mtoto alivyoweza kuvumilia, na maumivu yakatulia. Mpaka leo nyumbani kwetu Nakuru hakuna anayeanza kumparua tafi kabla ya kuing'oa miiba, ingawa tafi mwenyewe hufika kwetu kwa nadra.

Jambo kubwa zaidi alilotupa lilikuwa hesabu ya maji. Babu hakuwa na jedwali wala saa ya mkononi, aliuhesabu mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka, bahari ya Diani hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa sana mnamo saa kumi jioni. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa karibu dakika 50. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana. Mwenye kutaka kutembea hadi mwambani kuona viti vya pweza na majongoo bahari huchagua asubuhi za bamvua. Mwenye watoto wa kuogelea asubuhi hufurahia zaidi siku za maji mafu. Nimewaona wageni wakifika kutoka mbali, wakasimama ufuoni saa tano wakilitazama tope na majani ya bahari, na kulaumu hoteli kwa kutokuwa na bahari. Hakuna aliyewaambia wahesabu mwezi kabla ya kununua tiketi.

Majira nayo ni hivyohivyo. Desemba ni wakati wa kaskazi, anga safi na maji maangavu. Kuanzia mwezi wa nne kusi hushika, bahari huchafuka, na mwani hutupwa ufuoni kwa marundo. Mchanga wenyewe huhama: mahali palipokuwa na mteremko laini Desemba, ukija Agosti unakuta ngazi ya mchanga au mawe yaliyofichuka. Mtu wa safari moja huiona picha moja kati ya hizo na kuondoka akidhani ameiona Diani.

Si kila somo lilikuwa tamu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 baba alituchukua kutembea ufuoni hadi mbele ya hoteli moja kubwa, ambayo sina haja ya kuitaja. Tulikaa kwenye mchanga, chini kabisa, pale maji yanapofika. Askari wa lango alitujia.

"Mnamtafuta nani hapa, mzee?"

"Hatumtafuti mtu. Tunapumzika."

"Hapa ni pa wageni."

"Hata sisi ni wageni," baba alijibu. "Tumetoka Nakuru."

Askari alicheka kwa haya. Sidhani alikuwa mtu mbaya, alikuwa ameagizwa. Hata hivyo alinyoosha kirungu kutuonyesha tulikotoka, na baba akainuka, akajipangusa mchanga, tukarudi. Utalii wa pwani wakati huo ulitegemea ndege za kukodi kutoka Ujerumani, Uingereza na Italia, na familia ya Kiafrika kwenye mchanga wa hoteli ilihitaji kueleza imefikaje hapo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 62, imeandika wazi kwamba ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Siku ile baba hakuwa na kifungu cha kumsomea askari.

Kisha ukaja mwaka wa 1997. Usiku wa tarehe 13 Agosti kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na mashambulizi dhidi ya watu wa bara yakasambaa upande wa kusini. Zaidi ya watu 100 waliuawa na maelfu wakakimbia. Sisi ni watu wa bara. Desemba hiyo hatukwenda. Baadaye Babu alipiga simu kutoka posta ya Ukunda hadi kwa jirani yetu mwenye simu, akaacha ujumbe mfupi: njooni, pametulia, nyumba zote tupu.

Tulikwenda Pasaka ya 1998. Babu hakusimulia mengi. Alitwambia tu kwamba fundi bustani, mtu wa magharibi mwa Kenya aliyekaa pale miaka mingi, alivuka feri akiwa na godoro lake na hakurudi. Kwenye barabara ya Diani maduka ya vinyago yalikuwa yamefungwa. Na ile hoteli iliyotutimua? Ilikuwa imetundika kitambaa langoni: wakaazi karibuni, bei kwa shilingi. Tuliingia, tukanywa chai kwenye bustani yao, na baba akalipa akiwa amenyooka mgongo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka ule nilijifunza kwamba wenyeji wenye mahoteli humkumbuka mgeni wa nyumbani pale tu wa mbali anapokimbia.

Safari hiyohiyo nahodha wa ngalawa alitupeleka mwambani na kuzima utani wake wa kawaida. Bahari Hindi ilikuwa imepata joto lisilo la kawaida kutokana na El Niño, na matumbawe yalikuwa meupe kama chokaa. Matumbawe huishi na viumbe vidogo vya mwani vinavyoyapa rangi na chakula. Joto likizidi huvitoa, na hali hiyo ikidumu yanakufa. Sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya ilikufa mwaka ule. Mgeni mwingine ndani ya ngalawa, aliyekuja kwa mara ya kwanza, aliyapiga picha akisema ni mazuri ajabu. Hakuwa na la kuyalinganisha nalo. Sisi tulikuwa tumeyaona ya zambarau, ya manjano na ya kijani, na ndiyo maana tulinyamaza.

Lakini siku iliyonithibitishia thamani ya kurudi palepale ni tarehe 26 Desemba 2004. Ilikuwa siku ya mwezi mpevu, bamvua. Asubuhi tulitembea mwambani kama kawaida, na maji yalipoanza kurudi tukatoka. Mchana, baada ya saa sita, Babu alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama chini ya mbuyu akiitazama bahari. Maji yaliyokuwa yakijaa yalirudi nyuma ghafla, yakaja kwa nguvu, yakarudi tena, yote ndani ya dakika chache. Watoto wa wageni walikimbilia mchanga uliofichuka kuokota kombe. Babu hakujua habari za tsunami. Alijua kitu kimoja: "Maji haya si ya saa hii." Alianza kuita, sisi tukaita naye, na watu wakapanda juu. Muda si muda redio ikaeleza habari za tetemeko la Sumatra, na polisi wakapita wakiwaondoa watu ufuoni.

Mawimbi yalikuwa yamesafiri takriban saa nane kuvuka Bahari Hindi. Kenya ilisalimika zaidi kuliko jirani zake: hapa alikufa mtu mmoja, huko Watamu, wakati Somalia ilipoteza karibu watu 300. Sababu mojawapo ni kwamba mawimbi yalifika kabla maji ya bamvua hayajajaa. Yangechelewa hadi saa kumi jioni, tungesimulia mengine. Tangu siku hiyo siwezi kulichukulia jambo la kuhesabu maji kama mapambo ya likizo. Anayejua bahari inapaswa kuwa wapi saa hii ndiye pekee awezaye kuona kwamba haiko hapo.

Miaka mingine nitaipitia haraka, kwa sababu ilifuata mkondo mmoja. Novemba 2002 hoteli ililipuliwa Kikambala, wakafa Wakenya 10 na Waisraeli watatu. Miezi michache baadaye Uingereza ikasimamisha kwa muda ndege zake kuja Kenya. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 hoteli zilikuwa tupu kufikia Januari, katikati ya msimu wenyewe. Mei 2014 tahadhari za usalama zilifanya kampuni za Uingereza kuwarudisha kwao mamia ya watalii. Mwaka 2020 korona ilifunga anga kuanzia Machi hadi Agosti, na kwa muda hata sisi wa bara hatukuruhusiwa kuingia Mombasa, Kwale na Kilifi. Kila mara simulizi lilikuwa moja: wafanyakazi wakaachishwa kazi, muuza samaki akahangaika, kisha magari yenye namba za Kenya yakaanza kufika, na lango likafunguliwa kwa tabasamu. Tulikwenda Desemba 2020. Sikusikia lugha ya Ulaya hata moja kwenye mchanga. Nilisikia Kikamba, Kikuyu, Kiluhya, Kisomali na Kiswahili cha kila namna.

Nimeona pia mabadiliko ambayo mgeni mpya hudhani yamekuwepo siku zote. Ile treni ya zamani ya usiku ilikwisha. Tangu 2017 reli mpya hutufikisha Miritini mchana, na barabara ya Dongo Kundu imewaondolea wengi foleni ya feri. Mama, aliyekuwa akisoma sala chini chini kila tulipovuka Likoni tangu feri ya Mtongwe ilipozama mwaka 1994 na kuua zaidi ya watu 270, ameipokea barabara hiyo kwa shukrani. Juu ya barabara ya Diani wahifadhi wamefunga ngazi za kamba ili mbega wavuke bila kugongwa na magari. Mbega hawa, weusi wenye mashavu meupe, hula majani. Mkate wako ukiibwa mezani usiwasingizie, mtafute tumbili. Msitu wao umepungua mbele ya macho yetu, kiwanja baada ya kiwanja, ukuta baada ya ukuta.

Njia nayo imepotea. Kati ya mashamba mawili palikuwa na kichochoro kilichotumiwa na wavuvi kushuka baharini na ambacho sisi watoto tulikipita miguu mitupu. Mwaka mmoja tulikuta waya. Mwaka uliofuata, ukuta. Muuza samaki huzunguka mbali sasa kufika ufuo uleule ambao kwa mujibu wa Katiba ni wake na wangu. Mgeni wa leo akiuona ukuta huo huona ukuta tu. Mimi nikiuona najua kilichokuwa hapo, na najua nani anazunguka.

Babu hayupo tena. Binti yake ndiye anayetupikia, na mtoto wa muuza samaki hutuma orodha ya samaki kwa simu na kulipwa kwa M-Pesa. Ni yeye, binti wa Babu, aliyetupeleka Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo uliomo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2008. Tulifungwa kaniki kiunoni, tukaambiwa tusichukue hata jani. Tulikuwa tumepita karibu na msitu huo miaka mingi bila kuombwa tuingie, wala hatukujialika.

Kwa hiyo nilimjibu binti yangu. Nilimwambia aende Zanzibar, tena aende kwa raha. Mtu asiyetoka hulinganisha nini? Lakini kuona pahali na kujua pahali ni kazi mbili, na ya pili haina njia ya mkato. Sahani ya tafi, saa ya maji, rangi ya matumbawe, kichochoro kilichozibwa: yote hayo hayaonekani kwa mtu asiye na mwaka jana wa kulinganisha.

Na wenye hoteli nina neno nao. Bei ya mkaazi iwekwe langoni mwaka mzima, si mwaka wa msiba tu. Miaka zaidi ya 20 ya misukosuko imeonyesha ni nani hubaki ndege zikikatizwa. Serikali ya kaunti nayo izifungue njia za umma za kushukia baharini na kuziwekea vibao, kwa sababu ufuo usiofikika haumfaidi mwenye haki nao.

Kwako msomaji unayepanga likizo: chagua mahali pamoja, pawe pwani au ziwani, pale mfuko wako unapoweza kurudi bila kukopa. Ukifika, uliza mwezi una siku ngapi, ujue maji yatapwa lini. Jifunze jina la anayekupikia, nunua samaki kwa anayevua, waache kombe na viti vya pweza baharini. Na mwaka ujao urudi, uwaulize wenyeji ni nini kimebadilika.